Je, Mungu Alibariki Mipango ya Hadadi Mwedomi?

SWALI: Shalom mchungaji. 1 Wafalme 11:14 inasema Bwana ndiye aliyemwinulia Sulemani adui, Hadadi, mzao wa mfalme wa Edomu. Huyu alikimbilia Misri, akaoa shemeji yake Farao, kisha akataka kurudi kwao. Kama Mungu ndiye aliyemwinua, je, ndoa ile na kule kuitegemea Misri vilikuwa na kibali chake?

JIBU: Shalom, ndugu yangu. Hapana. Lakini usiwe mwepesi wa kumhukumu Hadadi. Alikuwa bado mtoto Yoabu, jemadari wa Daudi, alipokaa Edomu miezi 6 akiua kila mwanamume. Watumishi wa baba yake walimtorosha wakapitia Midiani na Parani. Na Torati ilikuwa imekwisha kuwakataza Israeli kumchukia Mwedomi, kwa kuwa ni ndugu yao (Kumbukumbu 23:7). Uadui huu ulipandwa siku za Daudi, Sulemani akauvuna.

Huko Misri Hadadi alipewa nyumba, chakula na ardhi, halafu akaozwa dada wa malkia Tahpenesi. Mimi sioni huruma tupu hapo. Ikulu ya Misri hiyohiyo ilimwoza Sulemani binti Farao (3:1), na baadaye ikampokea Yeroboamu, mtumishi wa Sulemani aliyemwasi, alipomkimbia (11:40). Mfalme ni mkwe, na wanaomwinda ni wageni wa nyumbani! Anayeshangaa ndoa ya Hadadi aanze na mstari wa 1 hadi wa 8 wa sura hiyo, aone wake wa Sulemani walimfikisha wapi.

Sasa hilo neno “kuinua”. Katika Isaya 10 Ashuru anaitwa fimbo ya hasira ya Mungu, na mistari michache mbele Mungu yuleyule anaahidi kumwadhibu kwa kiburi chake. Fimbo haisifiwi kwa sababu imetumika. Sulemani alitokewa na Bwana mara 2, bado akageuka. Mungu akaliacha jeraha la zamani la Edomu lifanye kazi yake.

Hadadi alipopata habari kwamba Daudi na Yoabu wamekufa, aliomba ruhusa aondoke. Farao akamuuliza amepungukiwa na nini kwake. Akajibu hakupungukiwa na kitu, ila aachwe tu aende. Mwanawe Genubathi, aliyelelewa pamoja na wana wa Farao, hatajwi tena popote, na hata siku za Yehoshafati, mfalme wa Yuda, Edomu haikuwa na mfalme. Ilitawaliwa na naibu (1 Wafalme 22:47).