Kabla hujakizima Kiswahili nyumbani kwako Jumatatu, soma hapa

Usifanye hivyo, dada. Umeandika kwamba kuanzia Jumatatu nyumba nzima itaongea Kiingereza tu, kwa kuwa mwalimu wa awali amekwambia mwanao wa miaka mitano anachanganywa na Kiswahili cha nyumbani. Hata dada wa kazi umeshamwambia akae kimya mbele ya mtoto kwa sababu Kiingereza hajui. Halafu ukauliza ununue vitabu gani, televisheni aangalie saa ngapi, na ufanyeje ili aache kung'ata wenzake na ajue kugawana vitu. Nilisoma nikaweka simu chini. Nimerudi kwa sababu njia hiyo naijua hadi inakoishia.

Sisi tuliambiwa maneno hayohayo na mkuu wa shule moja hapa Dar, shule ya ada ya kuumiza. Alituita ofisini, akatukalisha, akasema kila neno la Kiswahili tunalomwambia mtoto linabomoa kazi yao. Mimi na mama yake tulitoka pale tumeamua. Msinicheke: mtu anayekaa nyuma ya meza ile, vyeti vimejaa ukutani, akikwambia jambo kuhusu mwanao utamwamini. Ningekuwa nimeambiwa na fundi wa bomba ningebisha.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana hakikuja kwa kishindo. Kiingereza chetu sisi wawili ni cha kazini. Kinatosha barua, kinatosha kikao. Hakina utani, hakina kubembeleza, hakina maneno ya kumtuliza mtoto aliyeota ndoto mbaya. Kwa hiyo bila kukusudia maongezi ya nyumbani yakabaki amri: njoo, kaa, kula, acha, kapige mswaki, lala. Jioni mtoto akirudi na kisa cha shuleni anaanza kukieleza, maneno yanamwishia katikati, anakiacha. Baada ya muda akaacha hata kuanza. Na sisi tukawa tunasifu kwamba siku hizi katulia.

Shuleni alikuwa anang'ara. Alisoma ukurasa mzima wa Kiingereza kwa sauti, matamshi safi, tukamrekodi tukatuma kwenye kundi la familia. Siku moja mjomba wake alipomaliza kumsikiliza akamuuliza kitu kidogo tu: huyu mtoto wa kwenye hadithi amepoteza nini? Akamtazama. Akaulizwa kwa Kiswahili, akamtazama vilevile. Hakuwa na habari kwamba yale maneno yalikuwa yanasimulia jambo. Kwake kusoma kulikuwa kutoa sauti sahihi ili wakubwa wapige makofi. Dada, hilo ndilo lililonigharimu kuliko ada zote nilizolipa, na ndilo sitaki likukute.

Kusoma ni kazi mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni kugeuza herufi kuwa sauti. Ya pili ni kuelewa sauti hizo zinasema nini, na hii ya pili inategemea maneno ambayo mtoto ameshayapokea kwa masikio: nyumbani, jikoni, uani, mgongoni kwa bibi. Kiswahili kinairahisisha sana ile kazi ya kwanza. Herufi a ni a popote utakapoikuta. Mtoto akishika ba be bi bo bu anaweza kulisoma hata neno ambalo hajawahi kuliona. Kiingereza hakina huruma hiyo: ile a ya cat siyo ya cake, na ya cake siyo ya call. Mtoto anayejifunza kusoma kwa lugha asiyoijua anapambana na tahajia ngumu na maneno mageni kwa mpigo, na sisi tulikuwa tumeshamfungia ghala lake la maneno. Akishajua kwamba maandishi yanasema jambo, ujuzi huo haufi anapobadilisha lugha. Anakwenda nao kwenye Kiingereza.

Wala haya si mageni. UNESCO walitoa ripoti mwaka 1953 wakihimiza mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya kwao. Hapa kwetu wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Martha Qorro akiwa mmoja wao, wamesema kwa miaka mingi kwamba kufundisha masomo yote kwa Kiingereza siyo njia bora ya kukijua Kiingereza. Mkuu wa shule yetu hakuwa na kisingizio cha kutojua. Alikuwa na bango getini la kutetea.

Na bado nina hasira naye. Kwenye shule hiyo mtoto akikamatwa anaongea Kiswahili anavishwa kibao shingoni, na namna ya kukivua ni kumnasa mwenzake akiongea Kiswahili, umhamishie. Fikiria mwenyewe hiyo ni tabia gani wanayofundishwa watoto wa miaka sita. Kuviziana. Kuchongeana. Halafu kwenye mkutano wa wazazi tunaambiwa shule inajenga maadili! Tulipopeleka malalamiko kuhusu usomaji wa mtoto tukajibiwa kwamba ni mzito, aje tuisheni ya jioni, na tuisheni ina malipo yake. Tukamhamisha.

Umeuliza kuhusu kung'ata. Sijui mwanao anang'ata kwa nini, ila nakwambia nilichokiona mtaani kwetu. Watoto wa jirani wakicheza kombolela au rede, nusu ya mchezo ni ubishi: umeguswa, sijaguswa, umechungulia, hesabu upya. Wa kwangu aliingia kwenye ubishi huo hana maneno ya kubishia, akawa anasukuma. Wenzake wakaacha kumwita. Mtoto asiye na maneno ya kugombana atagombana kwa mikono, au kwa meno. Bibi yake alipokuja kutoka Muheza ikawa vibaya zaidi: shikamoo anaitoa, lakini bibi akiendelea kuongea mtoto anamgeukia mama yake amtafsirie. Bibi mzaa baba, kwenye nyumba ya mwanawe, anahitaji mkalimani kuongea na mjukuu. Mama yangu hakusema kitu, na mimi sikupata cha kumwambia.

Kwa hiyo nina sheria moja tu, na nitaing'ang'ania hapa hata mkinichoka: kila usiku msomee au msimulie mtoto kwa lugha anayochekea, kabla hujamdai yeye akusomee. Usikose. Hata ukirudi umechoka na foleni ya Ubungo, hata kama ni kurasa mbili. Kaa naye, pitisha kidole chini ya maneno, mwache akatishe, mwache aulize. Akitaka kitabu kilekile cha jana, soma kilekile. Na usimgeuzie mtihani mwishoni kwa kumuuliza tumejifunza nini. Swali hilo liliua hadithi nyumbani kwangu kuliko televisheni.

Umeme ukikatika tega vitendawili. Popoo mbili zavuka mto. Kuku wangu katagia mibani. Nyumba yangu haina mlango. Watu wanadhani ni mchezo wa kupitisha muda, lakini hebu angalia taratibu zake: anayetega anasubiriwa, anayejibu anangoja zamu, wakishindwa wanakubali kutoa mji, na aliyepewa Tanga anakwenda kula huko vizuri ndipo awape jibu. Mwanangu alijifunza kushindwa bila kulia akiwa anatoa miji. Na ukimsimulia sungura alivyomlaghai fisi, atakwambia fisi kaonewa. Usimsahihishe. Bishaneni. Pale ndipo anapoanza kupima haki na huruma kwa akili yake mwenyewe.

Wa kwangu haikuwa rahisi kumrudisha. Nilianza na visa vya Abunuwasi na mwanzoni hakucheka, alikuwa anangoja nimuulize maswali. Ikachukua muda mpaka akaamini kwamba hakuna maswali. Nilijua tumefika nilipojaribu kuruka kurasa ili niwahi kulala, akanishika mkono akasema baba, umeacha pale mamba anapodanganywa. Siku hizi anamsomea mdogo wake, na vya Kiingereza anavifuata mwenyewe, kwa kuwa anataka kujua kilichotokea.

Wapo watakaokuja kusema mbona wewe mwenyewe bado unalipa ada ya Kiingereza. Ndiyo, nalipa. Sekondari ni Kiingereza, mitihani ni Kiingereza, siishi mwezini. Hofu yako, dada, naielewa kabisa. Lakini Kiingereza kina walimu, kina ratiba, kina siku nzima ya shule. Maongezi ya kwenye mkeka na mama yake hayana mwalimu mwingine duniani zaidi ya mama huyo.

Vitabu, usikimbilie seti za bei kubwa. Mpeleke Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi Mohamed, ipo tangu 1967 na ina sehemu ya watoto; mwache achague mwenyewe, hata akichagua kwa sababu ya jalada. Mkuki na Nyota wanachapisha vya Kiswahili vya watoto. Kwenye simu tafuta African Storybook, ni bure, na hadithi nyingi zipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Anza na ya Kiswahili, muifurahie, ndipo siku nyingine mfungue ileile kwa Kiingereza. Atakuwa tayari anajua fisi anaingia wapi.

Jumatatu ukimwona huyo mwalimu mwambie umeshauriana na familia, nyumbani mtaendelea na Kiswahili. Akikubishia, muulize mtoto anaelewa kiasi gani cha anachosoma, na omba akuonyeshe papo hapo. Na leo hii, kabla hujalala, mwombe radhi dada wa kazi. Huyo anashinda na mwanao kuliko sisi wote tunaoandika hapa. Mwambie amsimulie ngano za kwao wakimenya viazi.