Bi Fundi Anajibu: Mfarishi kwenye mashine ya kudarizi

*Shikamoo Bi Fundi. Nina mashine ya kudarizi ya sindano moja, na fremu yake kubwa ya kukazia kitambaa ni sentimita 13 kwa 18. Naitumia kwa beji za sare za shule na majina kwenye taulo. Mteja kaniletea mfarishi wa vipande vya kanga na kitenge, mita 2.1 kwa 2.4, wa miraba ya sentimita 30. Pamba iko katikati na bitana chini, vimeshikizwa kwa bandi tu. Anataka maua juu yote ili tabaka zishikane. Nimejaribu ua moja kwenye kona: kitambaa kimejivuta, pale juu pamekuwa pagumu, na chini uzi umejikusanya rundo. Nimrudishie mzigo wake? Fundi, Tanga.*

Marahaba mwanangu. Usirudishe. Mashine yako inaiweza kazi hiyo, ila ua ulilolipiga ni ua la beji. Dizaini ya beji hujazwa uzi mpaka kitambaa kisionekane, maelfu ya mapigo ya sindano mahali padogo. Kila pigo linabana pamba na kuvuta kitambaa kidogo, na mvuto huo ukijumlishwa ndiyo mikunjo uliyoiona. Mfarishi unataka kinyume chake: mstari mmoja unaotembea na kuacha pamba ivimbe pembeni yake. Tafuta dizaini ya mstari mtupu, isiyojazwa popote, inayochorwa kwa mwendo mmoja bila kuruka wala kukata uzi njiani. Urefu wa pigo uwe milimita 2.5 hadi 3. Kwa pigo la milimita 2.5, mstari wa mita nzima ni mapigo 400 tu. Ukiuona mwembamba mno juu ya kitenge chenye makelele ya rangi, chagua ule unaorudia kila pigo mara tatu.

Sasa njoo kwenye hesabu, maana hapa ndipo mafundi wengi wanapoumia. Kuufunika mfarishi wote kwa fremu ya 13 kwa 18 utahamisha fremu zaidi ya mara 220. Kila ukihamisha, mstari mpya lazima ukutane na wa zamani, na ukikosea milimita mbili jicho litaona. Mimi nisingekubali. Mwambie mteja: ua moja katikati ya kila mraba, halafu maungio ya miraba yapigwe mstari ulionyooka kwa cherehani ya kawaida, ndani kabisa ya mshono uliokwishakuwepo. Miraba yako ni 7 kwa 8, yaani maua 56 na mistari 13. Piga mistari kwanza, kwa sababu ndiyo itakayozuia tabaka kuteleza wakati wa kudarizi. Kutoka ukingo wa ua mpaka kwenye mstari patabaki sentimita kama 9 ubavuni, na juu na chini pungufu ya hapo, kwa hiyo pamba haitapata nafasi ya kutembea.

Kuhusu fremu, usilazimishe tabaka tatu ndani ya ile ya plastiki. Utakaza skrubu hadi mkono uume, na bado fremu itaachia katikati ya ua, au itaacha alama ya fremu isiyotoka kirahisi. Tandaza kwenye fremu ile karatasi laini inayoyeyuka majini, ikaze vizuri, kisha laza mfarishi juu yake. Mashine nyingi zina kitufe cha kupiga bandi kuzunguka dizaini. Kitumie, kisha bandi hiyo utaifumua. Mfarishi ukifuliwa, karatasi inakwenda na maji. Ile ngumu ya kuchana unayoweka chini ya beji iache kabisa, itabaki inamkwaruza mtu usingizini. Kama una akiba, ipo fremu ya sumaku inayobana tabaka nene bila skrubu, lakini nunua iliyotengenezwa kwa modeli ya mashine yako, si inayofanana nayo.

Lile rundo la uzi chini lina dawa. Kabla ya kuanza kila ua, teremsha sindano mara moja kwa mkono, vuta uzi wa bobini uje juu, uushike kwa mapigo matatu manne ya mwanzo. Ondoa sindano ya 75/11 uliyozoea, weka ya 90/14 iliyo nene zaidi. Punguza mwendo mpaka mapigo 400 kwa dakika, na kama mashine yako inaruhusu kuinua mguu unaokandamiza kitambaa, uinue kidogo. Kwenye bobini usiweke ule uzi mweupe mwembamba wa beji, maana upande wa chini wa mfarishi nao unatazamwa. Weka uzi uleule wa juu, wa rangi ya bitana, urekebishe mkazo kwenye kipande cha majaribio chenye tabaka zilezile tatu. Kipande chenyewe, si kitambaa kitupu.

Na uzito! Mfarishi ukining'inia mezani huivuta fremu, ua likatoka limepinda, kisha lawama anapewa aliyechora dizaini. Sogeza meza nyingine iwe kimo kimoja na mashine, kushoto na nyuma. Sehemu inayopita chini ya mkono wa mashine ikunje kama mkeka. Ukifika nusu, geuza mfarishi wote na uigeuze dizaini digrii 180 kwenye skrini, ili usije ukalazimika kusukumia mfarishi mzima kwenye kile kitundu.

Jambo moja la kumuuliza mteja leo hii: kanga zilifuliwa kabla ya kukatwa? Kanga mpya ina wanga, na nyingine nyekundu hutoa rangi. Kama hazikufuliwa, mwambie hatari hiyo sasa, kabla hujagusa kitu.

*Bi Fundi, nyanya yangu anashona mifarishi kwa mkono na huanzia ukingoni. Wewe mwaka jana uliandika tuanzie katikati. Nani yuko sahihi? Msomaji, Mombasa.*

Sote wawili, mpe salamu zangu. Wasidi wa Karnataka huko India, ambao asili ya wahenga wao ni huku Afrika, hushona mfarishi unaoitwa kawandi kwa njia hiyohiyo: huanzia pembeni, wakazunguka, wakaja kumalizia katikati. Wao huongeza viraka huku wakishona, kwa hiyo uso wa juu haujawa mzima na hakuna ziada ya kitambaa ya kusukumwa. Kwenye mashine uso umekwisha kuunganishwa. Ukianzia kingo zote nne, ziada yote ya kitambaa inakimbilia katikati, na pale katikati itakunjika tu. Anzia katikati, usukume ziada nje.

*Umeme ukikatika katikati ya ua nifanye nini? Huku Ifakara ni kila wiki.*

Usiguse fremu. Usitoe mfarishi hata kama unataka kutumia meza. Mashine nyingi hukumbuka zilipoishia. Umeme ukirudi, rudisha nyuma mapigo kama kumi ndipo uendelee, ili mstari ujikanyage na uzi usifumuke.

*Nimtoze mteja kwa ukubwa wa mfarishi au vipi? Mama wa ushonaji, Morogoro.*

Toza kwa idadi ya mara unazoweka fremu. Mashine ikishona dakika 4, wewe utatumia kama 8 kuondoa pini, kulinganisha alama ya msalaba inayoonyesha katikati ya ua, na kuhakikisha bitana haijakunjika chini. Chukua mfarishi wa maua 56 kama huo wa Tanga: dakika 12 kila ua ni saa 11 na kidogo, kabla hujahesabu mistari ya cherehani. Mteja huona mashine inajiendea na kudhani wewe umekaa tu. Mkaribishe aje atazame maua mawili yakipigwa, ndipo utaje bei. Na karatasi ya kuyeyuka iandike peke yake kwenye risiti, maana hiyo inaisha haraka kuliko uzi.