Jibu: Lazima nisome kompyuta kwanza ndipo nitafute ukoo wangu?

Hapana ndugu, huhitaji kozi ndipo uanze kuwatafuta wazee wako mtandaoni. Ukitafuta jina kwenye Google, lifunge ndani ya alama za kunukuu na uongeze mwaka au mahali, la sivyo utaletewa dunia nzima. Badilisha na tahajia: Mohamed, Muhammad, Mohammed, maana makarani waliandika walivyosikia. Ukurasa mrefu? Bonyeza Ctrl na F, andika jina, utaonyeshwa lilipo. FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za koo, ni bure, unafungua akaunti tu.

Kinachowaponza wengi ni kuhifadhi. Cheti cha ndoa cha bibi yangu nilikipiga picha nikaiacha na jina la kamera, "IMG_0042". Kimo humuhumu kwenye kompyuta na sikipati! Siku hizi naandika "1931_ndoa_bibi" papo hapo, na nakala naweka kwenye flashi.