Kisu cha ala: kijaribu kwa kazi utakayokipa

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mpishi wa kambi za safari, naishi Karatu. Msimu uliopita mgeni aliniachia kisu cha Mora, aina ya Companion, chenye mpini wa plastiki na bapa la chuma kisichoshika kutu. Wenzangu wanasema kisu hakijulikani mpaka ukipasulie kuni kwa kukigonga mgongoni na gogo, tena ukate nacho waya. Rafiki yangu mmoja anataka tubadilishane na chake kilichofuliwa kwa springi ya gari. Nitakijaribu vipi hiki changu katika kazi za kila siku, nijue ubora wake bila kukiharibu?
Msomaji, Karatu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Waya achana nao kabisa. Ukikata waya utaambulia pengo kwenye makali na kazi ndefu ya kulisawazisha, na bado hutajua kisu kitafanyaje kwenye nyama, kamba na vitunguu. La kuni nitalifikia.

Kwanza kijue ulichonacho. Companion ina bapa la sentimita 10 na kidogo, unene wa milimita 2.5 mgongoni, na chuma chake hakifiki mwisho wa mpini. Kinaishia ndani ya plastiki. Kinatoka Mora, Sweden, kwa watu waliozoea kuchonga mbao, ndiyo maana makali yake yana mteremko mmoja mpana kila upande. Umbo hilo ndilo litakalokueleza mengi utakayoyaona huko mbele.

Kabla ya jaribio lolote, kinoe mwenyewe. Makali ya kiwandani husagwa kwa mashine, na ukingo mwembamba vile hupata moto upesi. Moto ukizidi, chuma cha pale ukingoni hulegea, kisu kikawa butu mapema hata kama chuma chenyewe ni kizuri. Ukinoa mara mbili tatu unaondoa ule ukingo na kufikia chuma kisichoguswa na moto. Nimeona visu vizuri vikitupwa kwa sababu hii, na inaniuma kila mara.

Lowesha kinoo, laza mteremko wote juu yake bila kuinua mgongo, na usugue mpaka kidole gumba kihisi kijiukingo kinachokwaruza upande wa pili, kuanzia karibu na mpini hadi kwenye ncha. Kama pana mahali hukihisi, hapo bado hujafika. Geuza ufanye hivyo hivyo, kisha punguza nguvu, ukigeuza geuza mpaka mkwaruzo uishe, umalizie kwenye mkanda wa ngozi. Ukikosa kinoo, kile kiduara kisicho na rangi chini ya kikombe cha udongo kinatosha kwa kurudisha makali. Usikipeleke kwa wanoaji wa gurudumu linalorusha cheche bila maji. Ukiona rangi ya bluu ukingoni, ugumu wa hapo umekwisha.

Sasa tafuta kisu cha kulinganisha, hata cha jikoni unachokifahamu vizuri. Vinoe vyote viwili kwa kinoo kilekile na mkono uleule. Watu hunyoa nywele za mkono wakatangaza kwamba kisu ni bora. Kunyoa kunaonyesha tu kwamba kimenolewa vyema. Uwezo wa kutunza makali huonekana baada ya kazi.

Kwa upimaji huo hakuna kitu kinachonipendeza kama kamba ya katani. Nyuzi zake ni ngumu na zinalika chuma taratibu, na ile iliyoburuzwa kambini ina vumbi ndani. Vipimo vya kimataifa vya visu vya jikoni, ISO 8442-5, vinatumia wazo hilohilo: mashine hupitisha makali kwenye karatasi maalumu iliyochanganywa na silika, yaani mchanga, na kupima kisu kinaendelea kukata kiasi gani. Wewe weka mizani ya jikoni mezani, juu yake kipande cha ubao, juu ya ubao kamba. Bonyeza kisu moja kwa moja bila kukivuta, kwa sehemu ileile ya bapa kila mara, na usome mizani kamba inapokatika. Andika. Kata tena vipande kadhaa, pima upya, fanya vivyo hivyo na kisu cha pili. Mzigo unaohitajika utapanda kwa vyote viwili. Kinachopanda polepole ndicho kinachotunza makali. Namba hizo usizilinganishe na za mtu mwingine, maana kamba yako si kamba yake.

Ukimaliza, kishike kisu chini ya taa, makali yakikutazama wewe. Makali mazima hayarudishi mwanga. Palipochoka, yaani makali yamejikunja, utaona kamstari kanakong'aa, na palipomeguka utaona nukta. Tofauti hii ni muhimu sana. Makali yaliyojikunja yanarudishwa kwa mkanda wa ngozi au kikombe. Yaliyomeguka yanataka kinoo, na yakimeguka ovyo hata kwenye kazi laini, basi chuma ni kigumu kupita kiasi au pembe ni nyembamba mno.

Baada ya hapo kipeleke jikoni, nako utakutana na mambo mawili yanayochanganywa na wengi. Nyanya itakuambia habari za makali: ganda likikubali kwa uzito wa kisu tu, ni makali, likibonyea kwanza, rudi kwenye kinoo. Karoti itakuambia habari za umbo. Kata karoti nene kwa Companion na usikilize. Kisu kinaingia vizuri, halafu ghafla karoti inapasuka, ta!, kabla bapa halijafika chini. Hapo usinoe tena. Ule mteremko mpana unaisukuma karoti pande mbili kama kabari, na hata kikinyoa ndevu kitaendelea kuipasua. Kwa mpishi hili ni jambo la kweli: kwa ndoo nzima ya karoti tumia kisu chembamba cha jikoni, hiki kibaki cha nyama, kamba, mifuko na kuchonga.

Kuchonga ndiko kinakong'ara. Chukua tawi kavu la mgunga uchonge kigingi cha hema, upite makusudi kwenye kifundo. Kifundo kikikunja makali, usikilaumu kisu haraka. Kinyanyue mgongo kidogo sana kwenye kinoo, upitishe mara chache tu kila upande, ili ukingo upate unene mdogo wa ziada. Rudia kifundo kilekile. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Endelea kuchonga mpaka mkono uchoke, kisha tazama kiganja. Wekundu au lengelenge mahali pamoja ni dalili kwamba mpini hauupendi mkono wako, hata ukisifiwa na dunia nzima. Kwa utelezi, usijaribu na makali wazi. Kiache kisu ndani ya ala, paka kiganja mafuta ya kupikia, ushike kama unavyoshika ukidunga nyama kwa ncha, kisha sukuma ncha ya ala kwenye mguu wa meza. Kama vidole vinasogea mbele kuelekea bapa, siku ya kuchinja mbuzi osha mikono mara kwa mara na usikitumie kwa kudunga kwa nguvu.

Ala nayo ijaribiwe. Igeuze juu chini, uitikise kisu kikiwamo, mbali na miguu yako. Kisidondoke. Mpishi anakata nyama mbichi, kwa hiyo kisu kikirudi kwenye ala bila kuoshwa, uchafu unabaki humo na kesho unahamia kwenye saladi ya mgeni. Ioshe ala kwa maji ya moto na sabuni, ikauke kabisa. Na usidanganywe na jina la chuma kisichoshika kutu. Kina kromi kama asilimia 13 hivi, inatosha kukikinga, ila ukikiacha usiku kucha na maji ya ndimu au chumvi ndani ya ala yenye unyevu, asubuhi unaweza kukuta vinukta vya kahawia.

Sasa kuni. Desturi ya kugonga kisu mgongoni ina maana katika misitu ya baridi na mvua nyingi, ambako mtu mwenye kisu tu anatafuta ukavu ulio katikati ya kuni. Wewe una panga kambini, na kwa kazi hiyo panga ni bora kuliko kisu chochote cha sentimita 10. Chako, ambacho chuma chake hakifiki mwisho wa mpini, kigonge pale tu unapolazimika: kijiti chembamba, kikavu, kisicho na kifundo, ukigonga karibu na ncha na kamwe usigonge mpini. Baada yake shika bapa kwa kitambaa utikise mpini. Ukisikia mchezo wowote, usikigonge tena.

Kuhusu kubadilishana, kisu cha springi kinaweza kuwa kizuri sana, lakini chote kinategemea fundi alivyokiivisha baada ya kukifua, yaani alivyokipasha moto na kukipoza ili kiwe kigumu, kwa sababu ugumu wa springi ya mwanzo hupotea kwenye moto wa kufulia. Mwombe rafiki yako ruhusa, upitishe tupa nzuri taratibu kwenye makali, karibu na mpini. Tupa ikiuma na kutoa unga kirahisi, hakikuivishwa vizuri, usibadilishe. Ikiteleza, kipitishe kwenye kamba na kifundo sawa na hiki chako. Kikishinda, ujue pia kwamba kitashika kutu upesi: utakifuta kila baada ya nyanya na ndimu, na kukipaka mafuta ya kupikia kila jioni. Kama kazi za kambi hazikupi nafasi ya kufanya hivyo, baki na cha Mora.