Léopards: dhahabu yao ilianza 1968

Hapana ndugu, unayesema enzi ya dhahabu ya Léopards, timu ya taifa ya DR Congo, ni 1974 tu: si 1974 peke yake. Kombe letu la Afrika la kwanza ni la 1968, Addis Ababa, tulipoifunga Ghana 1-0. Msingi ulikuwa klabu za nyumbani: TP Englebert yetu ya Lubumbashi ilibeba kombe la klabu bingwa Afrika 1967 na 1968, na kipa wake Kazadi alikuwepo Addis, akawepo tena Misri 1974, tulipobeba Kombe la Afrika la pili. Huko mshambuliaji wetu Ndaye alifunga mabao 9, yakiwemo yote manne ya fainali na marudiano dhidi ya Zambia (2-2, kisha 2-0).

Kizazi cha sasa kinaweza, ila kinakosa mfungaji: CAN (Kombe la Afrika) 2023 tulimaliza wa nne, lakini katika mechi 7 tulishinda moja tu bila kufika kwenye mikwaju ya penalti, ile ya Guinea, 3-1.