Mume anafuatilia pesa alizobeti, nami sweta zimenigomea

Shangazi,
Ninauza mitumba Kibuye, hapa Kisumu. Oktoba mwaka jana nilinunua belo la sweta kwa shilingi 18,000, likatoa sweta 120, yaani 150 kila moja. Kamera, yaani zile za daraja la kwanza, zilikuwa 30 tu, nikaziuza 200 kila moja. Nyingine 90 ziko kwenye stoo ninayoilipia 1,500 kwa mwezi, na humo hamna kitu kingine. Kuna mama anayepeleka nguo Kericho aliyetaka kuzibeba zote kwa 70 kila moja. Nilikataa kwa sababu siwezi kuuza chini ya bei niliyonunulia. Zinazonilisha kwa sasa ni gauni nyepesi. Mume wangu naye amepoteza 8,000 kwa kubeti mpira tangu Januari, na kila Jumamosi anaweka nyingine akisema haachi mpaka pesa zake zirudi. Nimwambie nini aelewe?
Mama Sweta, Kibuye

Mama Sweta,
Umeniuliza namna ya kumfanya mumeo aelewe, nami nitafika kwake. Lakini barua yako niliisoma mara mbili, na ile mara ya pili niliona kwamba nyote wawili mnaugua ugonjwa mmoja, ila wake huonekana kila Jumamosi, na wako umefungiwa stoo kwa kufuli.

Chukua kalamu. Tangu Oktoba hadi mwezi huu wa Juni umelipa kodi ya miezi minane, ambayo ni shilingi 12,000. Ukigawa kwa sweta 90, kila moja imekula shilingi 133 kwa kulala tu, juu ya zile 150 za kununulia. Kwa hiyo, ili usipate hasara kama unavyotaka, itakubidi uuze sweta ya fagia, yaani ya daraja la chini, kwa 283, ilhali kamera zako mwenyewe hazikuzidi 200. Bei unayoilinda ilishakupita zamani, na kila mwisho wa mwezi inazidi kwenda mbele. Tena ni sweta za sufu, mama, katika joto la Kisumu! Sijui dalali aliyekuuzia alikuwa akifikiria nini, ingawa nadhani alifikiria vizuri sana upande wake.

Usidhani ninakucheka, kwa maana jambo hili limechunguzwa na watu wazima wenye shahada. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walichapisha utafiti ambamo waliwauliza watu wachague kati ya kupoteza 3,000 kwa hakika, na kubahatisha ambapo kuna uwezekano wa asilimia 80 wa kupoteza 4,000 na asilimia 20 wa kutopoteza chochote. Asilimia 92 walichagua kubahatisha, ingawa kwa hesabu ya wastani njia hiyo ndiyo inayogharimu zaidi. Swali lilipogeuzwa likawa la kupata, wengi walichukua 3,000 za hakika wakaachana na bahati nasibu ya 4,000. Binadamu akiwa na faida mkononi huwa mwoga, lakini akishaona hasara mbele yake hugeuka jasiri kupita kiasi; tena uchungu wa kupoteza humchoma karibu mara mbili ya utamu wa kupata kiasi kilekile.

Sasa mtazame mumeo akiwa ameshika simu Jumamosi jioni. Hachezi kwa tamaa ya utajiri, anakwepa kusema kwa kinywa chake, “Elfu nane zimekwenda.” Maadamu kuna mechi nyingine, hasara hiyo haijawa rasmi. Nawe, maadamu sweta ziko stoo, hujapoteza, unasubiri tu. Kila mmoja wenu anamwona mwenzake vizuri kabisa.

Kuna na jambo la pili, ambalo ni la kumiliki. Mwaka 1990 Kahneman na wenzake wawili walieleza majaribio ambamo baadhi ya wanafunzi walipewa vikombe wakae navyo, kisha wakaulizwa wangeviuza kwa kiasi gani. Bei waliyotaja ilikuwa karibu mara mbili ya ile ambayo wenzao wasio na vikombe walikuwa tayari kutoa. Kikombe ni kilekile, na dakika zilizopita ni chache. Wewe umekaa na sweta hizo miezi minane, umezikunja, umezianika, umezitilia dawa ya nondo.

Basi jiulize hivi: lau kesho ungeamka ukakuta stoo tupu na shilingi 6,300 mezani, ungezichukua pesa hizo uende ukanunue sweta 90 za kuuza Kibuye? Ninaamini ungenunua gauni. Yule mama wa Kericho anakupa nafasi hiyohiyo, na kukubali kwako kutakuondolea pia kodi ya 1,500.

Kwa mumeo, usianze na mahubiri. Uza sweta kwanza, umwonyeshe daftari, umweleze waziwazi kwamba umepoteza kiasi fulani na kwamba umefunga hesabu. Kisha mwombe naye aandike 8,000 zake kwenye ukurasa huohuo na kuzipigia mstari. Mtu aliyeona mwenzake akikiri hasara bila kuchekwa hupata nguvu ya kukiri yake. Hata hivyo, ukiona ameandika na Jumamosi inayofuata amerudi kwenye simu, au ameanza kukopa ili abeti, hilo limeshavuka mambo ya hesabu; mtafutieni mshauri nasaha mapema.

Mpigie yule mama wa Kericho leo, kabla ya soko la Jumapili, maana baridi ya huko ya Juni na Julai haimsubiri mtu, na ikipita hata hizo 70 hatazitoa. Sweta moja ibakize nyumbani, kwani akikukaribisha Kericho utaihitaji.

Shangazi