Maswali ya Wasomaji: Hodhi au Shawa katika Bafu Dogo?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi na mume wangu tunajenga nyumba ya vyumba vitatu huko Kimara, Dar es Salaam, na wiki ijayo mafundi wanaanza plasta. Bafu letu, ambalo ndani yake kutakuwa pia na choo cha kukaa na sinki la kunawia mikono, lina upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2.3 kutoka tofali hadi tofali. Mume wangu anataka tuweke hodhi la kuogea, lile ambalo wauzaji wa Kariakoo huliita bathtabu, kwa sababu tulipofunga ndoa tulilala hotelini Arusha siku mbili na tangu hapo halijamtoka kichwani. Anaongeza kwamba hodhi litatufaa kuhifadhia maji wakati wa mgawo. Mimi naona shawa inatosha. Tunaishi na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua, pamoja na mtoto wetu wa mwaka mmoja na nusu. Maji ya bomba hayatoki kila siku, kwa hiyo tumeweka tanki la lita 2,000. Fundi wetu kila akiulizwa hujibu kwamba yote yanawezekana. Naomba ushauri kabla hatujachelewa.
Mama wa mtoto mmoja, Kimara

JIBU: Dada yangu, umeuliza kwa wakati unaofaa, kwa maana baada ya plasta na marumaru swali la namna hii hujibiwa kwa nyundo. Mimi niko upande wako, lakini hoja ya mumeo kuhusu akiba ya maji inastahili kujibiwa kwa heshima, nami nitaifikia.

Tuanze na futi kamba. Vipimo ulivyotoa ni vya tofali kwa tofali, na kila ukuta utapokea plasta ya sentimita moja na nusu hivi, kisha gundi na marumaru ambazo kwa pamoja huchukua karibu sentimita nyingine moja na nusu. Upana wako wa mita 1.5 utabaki mita 1.44, na urefu utabaki mita 2.24. Hapa ndipo wengi hunasa. Hodhi dogo la kawaida lina urefu wa sentimita 150 na upana wa 70. Mnunuzi hulitazama dukani, akakumbuka kwamba bafu lake lina mita moja na nusu, akalipa, na siku ya kulifunga hodhi likagoma kuingia kwa tofauti ya vidole vitatu. Kwako litalazimika kulala ubavuni mwa ukuta mrefu, nalo litawaachia ukanda wa sentimita 74 ambamo choo, sinki na mlango vitapanga foleni. Fundi hakudanganya, inawezekana. Ila mtu akisimama kwenye sinki mwingine hapiti, na mlango itabidi ufungukie nje.

Shawa, kwa upande wake, inahitaji tu sentimita 90 za mwisho wa chumba. Mtapata mahali pa kuogea pa sentimita 90 kwa 144, ambapo mtu mzima anaweza kuinama na kujisugua miguu bila kugonga kiwiko ukutani, na mita 1.34 zitabaki kwa ajili ya choo na sinki. Huhitaji kuijengea ukuta, kwa kuwa pazia la plastiki linatosha. Kioo kinapendeza, lakini kwa maji yetu ya visima yenye chumvi utakifuta kila siku ili kisiote ukungu mweupe.

Sasa maji. Hodhi la ukubwa huo, likijazwa kiasi cha mtu mzima kujilaza, huchukua lita 120 hadi 150. Shawa inayotoa lita 8 kwa dakika hutumia lita 40 katika dakika tano, na ndoo ya kuogea, kama unavyojua, ni lita 20. Mumeo akijilaza mara tatu kwa wiki atakuwa ametumia hadi lita 450, yaani karibu robo ya tanki lenu, kabla hujafua nguo hata moja ya mtoto. Hata hivyo, nisiipambe shawa kuliko inavyostahili: anayesimama chini yake dakika ishirini huku akiimba hutumia lita 160, na huyo hana la kumwambia mwenye hodhi.

Kuhusu kuhifadhi maji, mumeo anawaza kama walivyowaza wazee wa Pwani. Katika nyumba kongwe za Lamu, chumba cha kuogea kilikuwa na birika lililojengwa ukutani, na watu walichota maji kwa kata na kujimwagia. Ndani ya birika walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Zingatia mambo mawili hapo. Kwanza, birika lilikuwa la kuchotea na mwogaji alisimama nje yake, ilhali hodhi likijazwa akiba, hakuna atakayeoga ndani yake mpaka akiba hiyo iishe. Pili, wazee walijua kwamba maji yaliyotuama wazi ndani ya nyumba huzaa mbu. Mbu wa dengue, ugonjwa uliolikumba jiji letu mwaka 2014 na tena mwaka 2019, hupenda hasa maji masafi yaliyohifadhiwa majumbani, na kwa joto la Dar es Salaam yai lake huwa mbu anayeruka kwa muda wa wiki moja au siku kumi. Tena kizibo cha hodhi mara nyingi hupitisha maji polepole, hivyo akiba uliyoilaza jioni unaweza kuikuta asubuhi imekwenda chemba. Mgawo kama ule wa mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua maji, unahitaji pipa lenye mfuniko au tanki la pili, na bei ya hodhi pamoja na gharama ya kulifunga inaweza kuwa mwanzo mzuri wa kulinunua.

Mama mkwe ndiye angenifanya nikate shauri hata kama bafu lingekuwa kubwa mara mbili. Ukingo wa hodhi huwa na kimo cha sentimita 50 hadi 60 kutoka sakafuni. Mwenye magoti mabovu inambidi ainue mguu mmoja kiasi hicho huku akisimama kwa mwingine juu ya sakafu iliyolowa, kisha ashushe mguu ndani ya chombo chenye sabuni. Na kutoka ni kugumu kuliko kuingia. Mjengeeni mahali pa shawa pasipo na kizingiti, mfunge chuma cha kushikia kwenye kimo cha sentimita 85 hadi 90, na mweke kiti imara cha plastiki, au mjenge kibaraza cha tofali cha sentimita 45 na kukivika marumaru. Shawa iwe ya mkono, yenye mpira mrefu, ili aweze kuoga akiwa amekaa. Mtoto ataogeshwa katika beseni papo hapo chini, na asiachwe peke yake hata kwa muda wa kuchukua taulo, kwa sababu mtoto wa umri huo huweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache.

Kuna jambo moja ambalo wachoraji wa ramani husahau kwa kuwa michoro yao hunakiliwa kutoka kwingine. Mwambie fundi bomba akuwekee, chini ya shawa, koki ya pili kwenye kimo cha sentimita 60. Siku tanki likibaki na maji kidogo na shawa ikawa inadondosha tu, utakinga ndoo hapo, utachukua kopo, na maisha yataendelea. Siku nyingine zote koki hiyo itakufaa kwa kuoshea miguu, kutawadha na kusafishia sakafu.

Presha nayo haifai kupuuzwa. Kila mita moja ya kimo kati ya tanki na kichwa cha shawa hutoa sehemu moja ya kumi ya baa, yaani kipimo cha presha. Tanki likiwa mita 3 juu ya shawa, utapata baa 0.3, ambayo ni kidogo. Basi usishawishike na vile vichwa vipana vya kumwaga kama mvua, chukua chenye uso mdogo, na bomba linaloshuka kutoka kwenye tanki liwe la robo tatu ya inchi hadi karibu na bafu. Matundu yakianza kuziba kwa chumvi, kilaze kichwa hicho ndani ya siki usiku mmoja.

Nguvu zako zote, hata hivyo, zielekeze sakafuni, kwa sababu bafu la shawa huharibikia hapo. Mteremko uwe wa sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita, ukielekea kwenye tundu la kutolea maji, na utengenezwe kabla ya marumaru, si kwa kubahatisha na gundi. Kataa marumaru kubwa zinazong'aa katika eneo hilo: haziwezi kufuata mteremko wa pande nne bila kukatwakatwa, na zikilowa huteleza kama mafuta. Chagua ndogo zenye uso wa kukwaruza. Kabla hazijawekwa, na dawa ya kuzuia maji ikiwa imekwisha kupakwa sakafuni na kupandishwa ukutani, ziba tundu, weka kizuizi cha muda, jaza maji ya kina cha sentimita tatu, weka alama ya penseli ukutani, na urudi baada ya saa 24. Maji yakiwa yameshuka chini ya alama kuliko kiasi kidogo cha kukauka kwa hewa, fundi arudie kazi. Atanung'unika, nawe mpe chai, lakini usimlipe kwanza.

Mumeo mwambie kwamba, mkijaliwa kuongeza chumba chenye bafu lake, hodhi litapata nafasi. Hoja yake haikuwa mbaya, ila bafu la pamoja la mita 1.44 ndilo halikuwa mahali pake.

SWALI: Nimenunua nyumba katika ghorofa ya tatu ya jengo la zamani, Upanga. Bafu ni dogo, na ndani yake kuna hodhi la chuma cha kusubu ambalo limechubuka rangi. Nataka kulitoa niweke shawa ya kisasa. Je, ni kazi ya siku ngapi?
Mpangaji wa zamani, mwenye nyumba mpya

JIBU: Hongera kwa kupata kwako. Nakushauri usiitishe nyundo bado, na najua kwamba jibu hili linaonekana kupingana na lile nililompa dada wa Kimara. Tofauti ni kwamba yeye hana sakafu bado, nawe una sakafu iliyo dari ya mwenzako.

Chini ya hodhi la zamani, mara nyingi, hakuna marumaru, hakuna dawa ya kuzuia maji, na bomba la kutolea maji limelazwa juu ya jamvi la zege, likijificha chini ya hodhi lenyewe. Shawa inataka tundu lake liwe chini ya usawa wa sakafu. Kwa kuwa huwezi kuchimba jamvi la ghorofa, litakalobaki ni kupandisha sakafu kwa sentimita 10 au zaidi ili bomba na mtego wake wa harufu vipate nafasi na mteremko, na hapo utakuwa umejijengea ngazi ndani ya bafu dogo. Hodhi lenyewe huweza kuzidi kilo 100. Ama watu wanne walishushe kwenye ngazi, ama livunjwe vipande kwa nyundo nzito huku jengo zima likisikia.

Mimi ningeliacha. Kagua kwanza kama mkwaruzo umefika kwenye chuma na kuanza kutu. Kama bado, rangi maalumu ya enameli inaweza kupakwa upya. Funga shawa ya mkono juu ya hodhi hilohilo, panda na marumaru hadi mita 2 juu ya sakafu, weka mpira wa kuzuia kuteleza ndani, na pazia lidondokee ndani ya hodhi, si nje. Ukiona bado roho haijatulia, mwone kwanza jirani wa chini, uangalie dari ya bafu lake. Kama ina madoa ya njano, hodhi lako, au bomba lake, tayari lina tatizo, na kazi ya kulitoa itakuwa imejilazimisha yenyewe.

SWALI: Huku Njombe mwezi Juni na Julai baridi haichezewi. Je, ushauri wenu wa shawa unatuhusu na sisi?
Msomaji, Njombe

JIBU: Kwenu nalegeza kamba kidogo, kwa kuwa kujilaza kwenye maji ya moto baada ya siku ya baridi kuna maana ambayo mtu wa Kimara haijui. Kinachokubana wewe ni umeme zaidi ya nafasi. Maji ya nyuzi 15, yakipashwa moto hadi nyuzi 40, hula uniti 4.4 hivi kwa hodhi la lita 150, ilhali lita 40 za shawa hula uniti 1.2. Hita ya lita 30 haiwezi kukujazia hodhi: hata ukiichemsha hadi nyuzi 60 na kuchanganya na maji baridi, utapata lita 54 tu za kuogea, yaani maji ya kufika mapajani huku mgongo ukitetemeka. Kama una hita ya jua ya lita 150 au zaidi, weka hodhi la plastiki ngumu, ambalo halinyonyi joto la maji kama la chuma. Kama huna, weka shawa, na fedha iliyobaki itumie kuziba upenyo wa dirisha la bafu kwa kioo kinachofungwa.